Mstari wa Pili

Simrahi, 19 Januari 1979

Kaka Bhogendra,

Shikamoo. Unisamehe kwa kukaa kimya tangu Oktoba. Barua yako niliiweka chini ya mtungi wa mchele nikisema nitaijibu kesho, na kesho zenyewe zikawa nyingi. Kwanza tumbo lilikuwa kubwa, nikikaa kuandika miguu inavimba. Kisha mtoto akaja. Sasa hivi yuko mapajani, nusu amelala nusu ananyonya, na karatasi nimeiegemeza kwenye ungo, kwa hiyo ukiona herufi zinapanda na kushuka usidhani nimesahau shule.

Ni wa kiume. Alizaliwa tarehe 23 Desemba asubuhi, ukungu umefunga kiasi kwamba mkunga alipotea kati ya bwawa na mlango wetu, akawa anaita, "Nyumba iko wapi? Pigeni sahani!" Putul akapiga sahani. Mtoto ana vidole virefu, vya baba yake. Jina bado. Tunamwita Baua, kama wavulana wote wa huku, maana jina ni la baba kutoa. Putul hajambo, ametimiza miaka mitano na mdomo umeota kabla ya akili. Juzi kamwambia bibi yake, "Bibi, meno huna lakini maneno yako yanauma." Mama mkwe alicheka mpaka akakohoa. Anawasalimu. Magoti yake na baridi hii hawapatani. Wifi Nirupama na watoto hawajambo?

Sasa la moyoni. Baba Putul hajaandika tangu mafuriko ya huko kwenu. Ulisema kiwanda kimewahamishia baadhi yao juu ya mto, mahali ambapo posta haifiki vizuri. Sawa. Lakini miezi mitatu, kaka? Posta inafika Simrahi, ambako hata mbwa wa kupita hawapiti.

Watu wameanza. Mama Gonu wa nyumba ya pili alisimama bwawani mbele ya wote, akasema, "Wanawake wa mashariki wanajua kumgeuza mwanaume kondoo. Wanamfunga kamba mguuni, anasahau hata njia ya kwao." Mama mkwe akamjibu palepale, "Mwanangu akigeuzwa kondoo, atakuja kula dengu za shambani kwako kwanza, hapo nitamjua." Wakacheka wote, na mimi nikacheka. Nikarudi nyumbani na ndoo tupu, nimesahau kuchota.

Ndani ya bahasha kuna mchoro. Ni ule wa chumba changu cha arusi. Ukuta wenyewe kule kwetu umeshamomonyoka na mvua za mwaka juzi, kwa hiyo nimeuchora kwa kukumbuka, kwa masizi ya taa na rangi ya maua: duara la mayungiyungi, mwanzi umesimama katikati, samaki, kasa, kasuku, jua na mwezi, na kwenye kona zote nne yule mwanamke aliyejifunika, anayeonyesha jicho moja.

Wewe ulikuwepo arusini lakini wanaume hamwingii chumba kile, kwa hiyo hujui kilichotokea. Shangazi Jalpa ndiye aliyekuwa somo yangu. Alimzuia bwana arusi mlangoni. "Simama hapo hapo! Wanawake saba wameuchora ukuta huu siku tano. Utungie shairi, la sivyo utakula wali bila chumvi siku zote nne za fungate."

Naye akasema, "Shangazi, nimeambiwa huo wali hauna chumvi hata nikitunga."

Wakamzomea, wakamwimbia matusi ya arusi. Akautazama ukuta kitambo kirefu, kisha akatoa mstari wa kwanza kwa sauti, wote wakausikia. "Na wa pili?" akauliza shangazi. Akasema, "Wa pili si wenu." Akainama akanitilia sikioni, juu ya mtandio. Wanawake wakapiga kelele, "Mwizi! Mwizi wa beti!" Shangazi Jalpa alinibana mwaka mzima nimwambie. Alikufa hajaupata. Watu wawili tu duniani wanaujua mstari ule.

Nimeuandika wa kwanza chini ya mayungiyungi, na chini yake nimeacha nafasi. Mpelekee. Aandike wa pili kwa mkono wake, basi, sitaki barua. Kama amenichoka, asiandike, nitaelewa. Kama yuko salama na ni kazi tu iliyomfunga, aandike.

Ni mimi mdogo wako,
Kumudini


Kalkata, 24 Februari 1979

Mdogo wangu Kumud,

Marahaba. Barua yako ilifika nikiwa ghalani, nikaisomea juu ya magunia. Karani mwenzangu akaniuliza, "Bwana Bhogendra, mbona unacheka na machozi yanatoka?" Nikamwambia vumbi la magunia. Hongera sana, mdogo wangu. Mtoto wa kiume! Wifi yako amepika kashata za ufuta akagawa jengo zima, mpaka ghorofa ya juu kwa yule mzee asiyesalimiana na mtu.

Ukurasa huu wa kwanza msomee mama mkwe. Mwambie magoti ayapake mafuta ya haradali yaliyochemshwa na vitunguu saumu. Mwambie hapa hatujambo. Mwambie baridi ya huku si kitu, ni upepo wa mto tu.

Ukurasa huu ni wako. Mchoro nimeupata. Wifi yako aliunyoosha kitandani akasema samaki wako wanaogelea. Nitaupeleka, Kumud. Siyo kazi ya siku moja. Huko juu ya mto ni mbali, na ghala limejaa, mkubwa wetu hatoi ruhusa. Usinihesabie siku.

Blanketi hili la sufu ni la Baua, limetoka kwa baba yake.

Kuhusu jina, msingoje. Mama achague, yeye ni bibi, ana haki. Mtoto asikae bila jina.

Na kula. Nakuomba hili kuliko yote. Kila wanapovua bwawani, chukua samaki, na kichwa chake usimwachie mtu. Mtoto wa kunyonya hali maneno ya mama yake, anakula alichokula mama yake.

Kaka yako,
Bhogendra


Simrahi, 17 Machi 1979

Kaka,

Shikamoo. Sikukuu ya rangi imepita. Putul alimmwagia pandit, kuhani wetu, maji mekundu kuanzia kichwani, pandit akasema, "Binti huyu ataolewa mbali sana, namwombea hivyo." Baua alipakwa kidole kimoja cha rangi shavuni, akapiga chafya. Mama mkwe magoti yamepoa kidogo, mafuta yako yamefanya kazi ila nyumba nzima inanuka kama kachumbari.

Nilimsomea ukurasa wake. Nilipofika kwenye jina (nililisoma hilo nalo, lilinitoka), akanyanyua mkono. "Bhogendra amelewa? Baba yu hai, bibi atoe jina? Mwandikie asiniletee balaa." Kwa hiyo bado ni Baua.

Blanketi ni zuri, linapasha joto. Nimeona lilivyofungwa. Lile fundo la kupitisha uzi mara tatu ni la wifi Nirupama, hakuna mwingine anayefunga vile. Sisemi kitu. Nasema nimeona.

Nimesoma barua yako mara nne nikitafuta mahali uliposema ulimwona lini. Sijapaona. Ni miguu yangu ndiyo iliyochoka, kaka, macho bado.

Mtoto anaamka kila saa. Asubuhi napika nikiwa nimefumba macho, mkono wenyewe unajua chumvi iko wapi. Hata hivyo nakula samaki kama ulivyoniamuru, kichwa na yote. Mama mkwe hali, tangu baba mkwe afariki hajaonja, lakini ndiye anayesimama bwawani kuwagombeza wavuvi: "Huyu mdogo ni wa paka! Nipe yule, mkwe wangu ananyonyesha!"

Mpelekee mchoro kabla ya joto. Kwenye mwezi wa Jeth, joto likikolea, kuna ile siku yetu ya kuupepea mti, nitafunga kwa ajili ya maisha yake. Nataka nifunge nikijua.

Kumudini


Kalkata, 9 Aprili 1979

Mdogo wangu,

Marahaba. Sisi wazima. Mtoto wetu wa mwisho ameanza shule, analia asubuhi akienda na analia mchana akirudi. Tramu zimegoma siku tatu, nimekwenda kazini kwa miguu, viatu vimefunguka kama mdomo wa samaki.

Nimekwenda, Jumapili. Nimemwona shemeji. Yuko salama, amekonda kidogo tu, ni chakula cha kule. Alifurahi kusikia habari za mtoto. Aliushika mchoro muda mrefu. Akauandika mstari, huu hapa, nimekurudishia. Mkono wake unatetemeka kwa kazi ya mashine, kwa hiyo usishangae mwandiko ukiuona umebadilika. Hana nafasi ya kuja mwaka huu. Kiwanda hakitoi likizo. Asema usimngojee na mambo ya nyumbani, uyafanye mwenyewe kwa akili yako.

Sasa umepata ulichotaka, Kumud. Tulia. Nyonyesha mtoto. Kula.

Kaka yako,
Bhogendra


Simrahi, 3 Mei 1979

Kaka,

Shikamoo. Joto limeingia. Bwawa limeshuka, watoto wanashika samaki kwa mikono. Baua ameanza kugeuka peke yake, akigeuka anashangaa ni nani amemgeuza. Mama mkwe ana vipele vya joto. Putul amepoteza jino, amelitupa darini panya ampe jipya.

Mchoro umefika. Mama mkwe na mama Gonu walikuwepo nilipoufungua. Mama Gonu akasema, "Haya, kondoo amejifunza kuandika!" Mama mkwe akanipokonya, akaupapasa mstari kwa kidole ingawa hajui kusoma, akasema, "Soma." Nikausoma wa kwanza, ule ambao wanawake wote wa arusini waliusikia:

*Ukuta mzima macho, samaki hadi kasuku;*

Na huu uliokuja kutoka kwako:

*Na mimi macho njiani, nakuwaza kila siku.*

Mama mkwe akalia. Akasema, "Mwanangu huyo. Ni maneno yake hayo." Mama Gonu naye akajifuta macho, akaenda zake bila neno, na huyo hajapata kuondoka mahali bila neno.

Si maneno yake, kaka.

Ni mstari mzuri. Vina vimekaa sawa. Nafikiri aliyeutunga alihangaika nao. Lakini fikiri: siku ile macho yake yangekuwaje njiani? Njia gani? Alikuwa amekaa mkekani mbele yangu, magoti yetu yanakaribia kugusana. Hakuwa na mtu wa kumwaza kwa mbali. Mstari huu ulitungwa na mtu anayemjua kama mume aliye safarini. Alipoutunga wa kwake hakuwa mume aliye safarini, alikuwa kijana aliyeona haya.

Sikuukosoa mbele yao. Nilisema, "Ndiyo mama, ndiye." Nimeukunja mchoro nimeuweka.

Sasa nakuuliza, na nakuuliza kama dada yako, siyo kama mtoto wa kutulizwa. Kama yu hai na ana mke mwingine huko, andika hivyo. Nitavumilia, siwi wa kwanza. Kama yu hai na hanitaki, andika. Hata kama yuko gerezani, andika. Kwa lolote kati ya hayo una neno, na unaweza kuliandika.

Kama ni lile jingine, usiandike. Siku ya kuupepea mti ni tarehe 26 mwezi huu. Barua inachukua siku sita au saba. Isipofika kabla ya siku hiyo, nimekuelewa.

Kumudini


Kalkata, 21 Mei 1979

Kumud,

Sikukusudia kuandika. Ulinipa njia ya kunyamaza, nami nikaishika, karibu wiki mbili. Nimeandika karatasi nne nikazichana. Wifi yako ameniambia jana, "Umemfanya dada yako asome ukimya? Hata mahakama inampa mtu karatasi." Barua hii itakukuta siku imeshapita, najua. Usimsomee mama.

Ni lile jingine.

Ilikuwa wiki ile ya sikukuu, sanamu ya mungu wetu Durga alipopelekwa mtoni. Mvua ilishaacha lakini maji yalikuwa bado kwenye ngazi za nyumba yao. Homa. Wenzake wa chumbani walikuja kuniita siku ya tatu. Nilipofika alinitambua, akaniambia, "Shemeji, umekuja na viatu majini?" Siku iliyofuata hakunitambua. Hospitali ilikuwa imejaa mpaka ukumbini. Nilimpeleka mwenyewe kuchomwa kando ya mto. Barua ile ya Oktoba niliiandika kichwa changu kikiwa bado kipara, kimetoka kunyolewa kwa msiba wake.

Ulikuwa na mimba ya miezi saba. Nikasema, ajifungue kwanza. Ulipojifungua nikasema, anyonyeshe kwanza. Unaijua desturi ya kwetu kama ninavyoijua. Siku ile tu wangekuvunjia bangili, wangekufuta rangi utosini, na samaki usingemwona tena mpaka unakufa. Na mchele gani ulio hapo nyumbani wa kutoa maziwa bila samaki? Mwanangu wa pili alikufa kwa maziwa ya mama yaliyokatika. Nilimshika mimi. Sikutaka kumshika na wako, hata kwa barua.

Mchoro ulipokuja nilikaa nao siku nne. Mimi ni karani wa magunia, Kumud. Nilihesabu silabi kwa vidole kama ninavyohesabu mizigo. Nilidhani kila mwanaume aliye mbali angesema vile. Nilidhani mstari wowote mwema ungekutosha.

Nisamehe, au usinisamehe. Niambie nifanye nini.

Bhogendra


Simrahi, 12 Juni 1979

Kaka,

Shikamoo. Nimechelewa tena kujibu, na safari hii sina kisingizio cha tumbo. Baua hajambo, meno yanamsumbua. Putul hajambo. Mvua haijafika, tunaitazama tu.

Barua yako ilifika tarehe 28. Siku ya mti ilikuwa imepita na hapakuwa na barua, kwa hiyo nilikuwa nimeshaelewa kabla hujasema. Nilitaka nisiende. Nilimwambia mama mkwe nina homa. Akaniletea sari nyekundu na pepeo, akaniambia, "Homa itatoka kwa jasho. Twende, usimnyime mwanangu siku zake." Nikaenda. Niliufunga uzi, nikaweka maembe na dengu zilizolowekwa, nikaupepea mti. Wanawake wakanitania, "Pepea kwa nguvu, Kumud, wa kwako yuko Kalkata, upepo utafika kweli?" Nikapepea mpaka bega likauma. Waliopepea kidogo waume zao wamekaa ukumbini wanatafuna tambuu.

Hasira ninayo, sikufichi. Miezi minane nimepaka rangi nyekundu utosini kila asubuhi kwa ajili ya majivu. Nimecheka bwawani. Nimekula vichwa vya samaki huku mume wangu hana hata kiganja cha maji kilichomiminwa na damu yake. Lakini nimemtazama Baua pia. Ana mikunjo mapajani, kama mtoto wa tajiri. Mikunjo hiyo umeiweka wewe kwa uongo wako. Kwa hiyo sijui nikwambie nini. Nikikulaumu nakuta namlaumu yeye kwa kunenepa.

Mstari wako haukuwa mbaya. Ila sikuwa na haja ya mstari mwema. Wa kwake sasa nakupa, maana tulikuwa wawili wa kuuficha na nimebaki mmoja, na mmoja hafichi, anapoteza tu. Ni huu:

*Ukuta mzima macho, samaki hadi kasuku;*
*Lako moja lanitosha, mchana hata usiku.*

Nilikuwa nimejifunika, jicho moja ndilo lililoonekana, kama wale wa kwenye kona. Basi. Ndiyo yote. Hakuna hekima ndani yake. Sikumjibu kitu wakati ule, bibi arusi hajibu, na baadaye kulikuwa na kupika, na Putul, na safari zake. Sikupata kumwambia kwamba nilimtazama kwa yote mawili chini ya mtandio.

Sasa sikiliza yaliyotokea hapa. Siku ile barua ilipofika tulikuwa na samaki wa haradali. Nilijipakulia, nikamsogezea Putul kipande changu. Mama mkwe akasema, "Mbona huli?" Nikasema tumbo. Siku ya pili nikasema tumbo. Siku ya tatu hakuuliza. Alikaa mbele yangu akatazama sahani, kisha akanitazama mimi. Yeye ana miaka kumi na miwili ya ujane, kaka. Anajua sahani inavyosukumwa na mwenye tumbo, na inavyosukumwa na mwingine.

Hakulia. Alikivuta kile kipande kwa ncha ya jani, kwa kuwa hagusi, akakirudisha mbele yangu. Akasema, "Kula, binti. Mimi sijasikia kitu. Hakuna aliyeniambia kitu. Mpaka kaka yako aje na mdomo wake, mimi ni mama wa mtu aliye hai na wewe ni mke wake. Kula."

Nikala. Putul akauliza, "Bibi, kwa nini unamlazimisha mama kama mtoto?" Akamwambia, "Kwa sababu ni mtoto."

Tangu siku hiyo hatujasema tena habari zake, mimi na yeye. Anasimama bwawani anagombana na wavuvi kama zamani. Jana nilimsikia peke yake jikoni akikuna nazi na kusema, "Kondoo, kondoo," polepole.

Angeweza kukaa hivi mwaka, naona. Angeweza kukaa hivi mpaka afe. Mimi siwezi, na sitaki. Mtu hawezi kuachwa njiani asipokelewe wala asiagwe, ili mimi nipate mchuzi. Nilimuuliza pandit kama mtu anayemuulizia jirani. Alisema aliyefia mbali na habari zikachelewa, matanga yanahesabiwa tangu siku ya kusikia. Mwili unatengenezwa kwa majani, mwanawe anashikwa mkono na kuwasha moto, hata kama ni wa kunyonya. Mkono wa Baua utashikwa na wewe. Hakuna mwanaume mwingine. Jina nitampa siku ile, mwenyewe, pandit hatamwitia moto mtoto asiye na jina.

Kwa hiyo njoo. Siyo kesho. Njoo siku ya tatu baada ya mwezi mpevu wa mwezi ujao, nimpe mtoto wiki hizi chache zilizobaki, hilo namkubalia mama na nakukubalia wewe. Ukiingia mlangoni, usiniambie mimi, mwambie yeye. Atakuwa anakungoja. Atapiga kelele kama asiyejua, naye anayo haki hiyo, usimzuie.

Ninavyohitaji ni hivi, na visipungue.

Siku yenyewe kwa hesabu ya mwezi, siyo tarehe ya ofisini. Kama hukuiandika, waulize wenzake wa chumbani, au uhesabu kutoka siku Durga alipopelekwa mtoni. Na saa, kama ilikuwa kabla ya jua kuzama au baada.

Mahali alipochomewa, jina la ngazi za mto.

Majina ya waliombeba. Wanne, siyo? Niwataje kwenye sala.

Kitu kimoja kilichomgusa mwilini. Miwani kama ipo. Kama hakuna, shati, lisifuliwe.

Sari mbili nyeupe za pamba, zisizo na pindo, hata uzi mmoja wa rangi. Wifi Nirupama achague, zisiwe nyepesi, naenda bwawani nazo.

Ufuta mweusi usilete, upo. Samli ipo nusu kibuyu, lete nusu nyingine.

Karatasi za kuchorea, ishirini, zile nene. Za kuuza. Mchoro wa chumba cha arusi sitauchora tena, lakini samaki na kasa watu wa mjini wananunua, na mjane hajakatazwa kuchora samaki.

Na maziwa ya unga ya mtoto, makopo sita, ya umri wa miezi saba. Mama atakwambia ya ng'ombe yanatosha. Ng'ombe wetu ni mmoja, na maziwa amepunguza. Tazama tarehe chini ya kila kopo kabla hujalipa, na uhakikishe kijiko cha kupimia kimo ndani.